Leso Katikati ya Viti Viwili

Gari lilikuwa na viti viwili tu. Ningeweza kuanza kwa kulisifu, maana nilizoea kulisifu kwa kila aliyekubali kusimama kunisikiliza: wekundu wake uliofifia kidogo juu ya boneti, pua yake ndefu, paa la turubai linalokunjwa kiangazi, magurudumu ya nyuma yanayolisukuma lote kama mtu anayesukuma mkokoteni. Lakini siku ninayoikumbuka, sifa hizo hazikuwa na maana. Kulikuwa na viti viwili, gia katikati, na nyuma hakuna mahali pa kukaa.

Kwetu, magharibi ya Kenya, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawali meza moja. Hawalali chini ya paa moja. Mama mkwe akipanda gari la mkwe wake hukaa nyuma, pembeni kabisa, akitazama nje mpaka afike. Ndiyo sababu mama mkwe wangu alipoletwa Stockholm hakukaa nasi Vårby gård. Alikaa kwa binti yake mkubwa huko Upplands Väsby, upande wa pili wa jiji, na sisi tukawa tunamtembelea Jumapili, mke wangu akikaa naye sebuleni, mimi nikinywa chai yangu jikoni.

Alipofika alikuwa bado anaona, kwa shida. Baadaye mtoto wa jicho akazidi, macho yote mawili, mpaka akabaki na mwanga na vivuli. Binti yetu alipozaliwa, bibi alimpokea kwa mikono. Alimpima kwa kumnyanyua, akamnusa shingoni, akasema, "Huyu ana uzito wa jogoo wa Krismasi." Tukacheka. Halafu akamrudisha kwa mama yake na kusema polepole kwamba hataki kumzoea mjukuu kwa mikono tu, kwamba akishamzoea hivyo, siku atakayomwona itakuwa kama anaonyeshwa mtoto wa watu.

Kwa hiyo barua ya kliniki ya macho ilipokuja, baada ya kungoja miezi mingi, nyumba zote mbili zilishangilia. Upasuaji ulikuwa asubuhi moja ya Januari. Shemeji yangu, yaani huyo binti mkubwa, anafanya kazi katika makao ya wazee. Alipanga kutoka zamu mapema, amchukue mama yake, wapande treni pamoja. Mimi sikuwamo katika mpango. Hakuna aliyenificha kwamba sikuwamo.

Theluji ilianza jioni na haikupumzika. Asubuhi shemeji alinipigia simu akiwa kazini, sauti yake ikiwa chini kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati.

"Shemeji, wenzangu hawajafika. Siwezi kuwaacha hawa wazee peke yao. Na treni zimesimama."

"Pole. Nifanye nini?"

"Mwagizie mama teksi kwa simu yako. Dereva amchukue mlangoni, wewe umpokee kliniki. Yeye Kiswidi hajui, na hivyo vitu vya kwenye simu havioni."

"Sawa."

"Na tafadhali. Usiende na lile gari lako."

"Kwa nini?"

"Shemeji," akasema, "unajua kwa nini."

Nilijaribu kuagiza teksi mara moja. Duara lilizunguka kwenye simu, likasema magari yote yana watu, nijaribu tena baada ya muda mfupi. Sikujaribu tena. Nilisimama dirishani pale Vårby, nikatazama maegesho yaliyofunikwa meupe, gari langu likiwa kama kichuguu chini ya theluji, na nikafurahi. Mke wangu alikuwa chumbani akimnyonyesha mtoto. Nilimwambia naenda kumshughulikia mama yake. Sikusema kwa namna gani.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Sikukosa akili, nilikosa makalio ya kukalia benchi. Nikawa utingo wa malori ya Malaba, nikaenda Kampala, Kigali, Bujumbura, nikijifunza kila kitu kilichofunguka kwa spana. Nimetengeneza friji, nimechimba visima, nimekaa mwezi mzima na mfuga nyuki kwa sababu tu nilitaka kujua nyuki wanajuaje njia ya kurudi. Hapa Stockholm nimebeba samani, sasa naosha mabasi depo. Gari hilo nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu ambaye mgongo wake haukuweza tena kuinama kuingia ndani, na nikalifungua lote katika gereji ya kukodi, kipande kwa kipande, nikalirudisha.

Kisha nikajifunza kuliendesha kwenye theluji. Magari mengi ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, na uzito wa injini umeyalalia magurudumu hayohayo, kwa hiyo yanashika ardhi. Langu lina injini mbele na nguvu nyuma, na nyuma yenyewe ni nyepesi kama mkia wa kuku. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, mkia unataka kutangulia kichwa. Ukiondoa mguu ghafla, vilevile. Jumapili asubuhi nilikuwa nakwenda kwenye maegesho matupu karibu na ziwa, naliachia lizunguke, nalirudisha, naliachia tena. Vijana wa Alby, mtaa wa jirani, walikuja wakati mwingine kunipigia makofi. Nilijua kwamba unaanza kwa gia ya pili, kwamba usukani unaugeuzia upande ule mkia unakokimbilia, kwamba mifuko miwili ya mchanga kwenye buti inatuliza kila kitu. Mchanga nilikuwa nao tayari. Matairi yalikuwa ya theluji. Kwa nini basi mtu kama mimi aagize teksi?

Barabara kuu ilikuwa imepigwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Niliivuka Stockholm nzima kutoka kusini hadi kaskazini polepole, gari likinyenyekea, na nilipoingia Upplands Väsby nilikuwa naimba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido, koti limefungwa mpaka kidevuni, fimbo katikati ya magoti, mkoba mapajani. Alikuwa na harufu ya sabuni. Alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kubatizwa.

Alikuwa na desturi ya kutoongea nami moja kwa moja. Aliongea na hewa iliyo karibu nami.

"Aliyefika amefika na teksi?"

"Nimekuja na gari, mama."

"Gari lenye viti vingapi?"

Nikakohoa. "Viwili."

"Viwili bila cha dereva?"

"Pamoja na cha dereva."

Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye viatu vyangu, nikayasikia.

"Basi mimi ni wa kwenye buti," akasema.

"Buti lina mchanga, mama."

Sikukusudia mzaha, lakini alicheka, kicheko kifupi cha puani, nami nikapata moyo. Tulishuka kwa lifti, mimi pembe moja, yeye pembe nyingine. Nje alilipapasa gari kwa kiganja, kuanzia taa hadi mlango, akiinama zaidi na zaidi.

"Limekaa chini kama bata anayelalia mayai," akasema. "Na mtu akiingia humo, paja lake litakuwa wapi na paja la mwenzake litakuwa wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Kati ya viti kulikuwa na upana wa mkono na gia juu yake.

"Mimi sikai paja kwa paja na mume wa binti yangu," akaiambia theluji. "Macho yangu yamekufa, adabu yangu haijafa."

Akafungua mkoba, akatoa leso yake, ile kanga anayojitanda, na vibanio vya nguo. Hadi leo sijui kwa nini alikuwa na vibanio vya nguo kwenye mkoba wa kwenda hospitali. Akanipa vyote bila kunigusa, akiviachia juu ya boneti. Nikaelewa. Nikaibana ile leso kwenye fremu ya paa, kutoka kioo cha mbele hadi mgongoni mwa viti, ikashuka katikati kama pazia la chumba cha kulala. Leso nyekundu na nyeusi. Upande wangu nikawa na usukani na dirisha langu. Upande wa kulia sikuona chochote, wala kioo cha pembeni, wala dirisha, wala dunia.

Nilijua. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuizunguka. Mtu asiyejua gari angeweza kusema hakujua. Mimi nilikaa pale, injini ikiguruma, nikaitazama leso, na nikajua kabisa kwamba nimezibwa jicho moja. Ningeweza kusema, "Mama, hivi sitaona." Maneno matatu. Lakini kumwambia mama mkwe ashushe pazia alilolitundikisha kwa ajili ya heshima ilikuwa kama kumwambia avue. Na zaidi ya hayo, nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba naliweza gari hili hata usingizini.

"Mwenye gari ako tayari?" sauti ikauliza nyuma ya leso.

"Niko tayari, mama."

Barabara ya mtaa ilikuwa bado haijafagiwa, theluji laini juu na barafu chini. Nilitoka kwa gia ya pili kama nilivyojifunza, kwa unyayo wa paka. Gari lilitii. Kila nilipotaka kubadilisha gia kiwiko changu kilisukuma leso, na upande wa pili nilimsikia akivuta goti lake, kwa hiyo nikaacha kubadilisha. Tulipanda kamlima kadogo kati ya majengo. Pale juu njia mbili zinakutana, hakuna kibao wala taa. Katika mitaa ya huku, pasipo na kibao, unampisha anayetoka kulia kwako. Kila anayesomea leseni hufundishwa hilo.

Niliinama mbele ili nichungulie kupita ukingo wa leso. Nikaona theluji na ukuta. Nikaendelea.

Honi ililia kulia kwangu, kubwa, karibu sana. Nikafanya kile nilichokuwa nimekiepuka kila Jumapili kule ziwani: niliondoa mguu kwa mshtuko na kupiga breki. Mkia ukatangulia. Niligeuza usukani, kwa usahihi kabisa nadhani, lakini mlimani hapana nafasi ya kuwa sahihi. Majengo yalipita mbele ya kioo, kisha miti, kisha majengo tena. Halafu tukaingia kinyumenyume kwenye lundo la theluji, kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayekaa juu ya gunia la pamba. Vibanio viliruka. Leso ikaniangukia usoni.

"Mkwe!" mama akasema. Alikuwa hajawahi kuniita. "Umeumia?"

"Sijaumia. Wewe?"

"Mimi nimekaa. Ni wewe unayezunguka."

Aliyepiga honi alikuwa dereva wa trekta dogo la kufagia theluji. Alisimama sentimita chache kutoka mahali ambapo mlango wa mama ungekuwa kama gari lisingezunguka. Akashuka, mwanamume mpana mwenye kofia ya manyoya, akainama kwenye dirisha langu na kuniambia kwa Kiswidi mambo niliyostahili. Kisha akaona leso kichwani kwangu. Akamwona mama. Akabadilisha lugha palepale, Kiswahili cha Bujumbura, ninakijua.

"Eh, ndugu yangu! Hii gari ni ya jua. Umeitoa nyumbani kufanya nini? Na iki kitambaa, muko na harusi humu ndani?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Ah." Uso wake ukabadilika, akavua kofia. "Mama, shikamoo. Munisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyepiga honi?"

"Ni miye, mama."

"Umefanya vizuri. Ulitaka kutuua?"

"Hapana mama, mulitaka kujiuwa ninyi."

Akaleta mnyororo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamechimba mashimo mawili ya barafu na mchanga wangu wote haukuyasaidia. Trekta lilivuta, likateleza, likavuta tena. Nilisukuma kwa mabega huku matope meupe yakinirukia mdomoni. Watu walikuwa wametoka kwenye veranda za ghorofa, wengine na vikombe mkononi. Wengi katika majengo hayo wanasali kanisa moja na shemeji. Mama alikuwa amesimama kando na fimbo yake, mgongo wima, akiwatazama bila kuwaona, na niliona bora asiwaone. Muda ulikuwa unakwenda. Alikuwa na saa inayotaja wakati kwa sauti ukiibonyeza. Hakuibonyeza hata mara moja. Niliomba aibonyeze.

Gari lilipotoka, yule Mrundi aliokota leso kwenye theluji, akaikung'uta.

"Hii hairudi pale, ndugu. Ukiirudisha nitaita polisi, nakwambia ukweli wa Mungu."

Nilisimama nikitafuta namna ya kulieleza hilo. Mama akanyosha mkono.

"Nipe hapa," akasema. Akaitandaza leso juu ya kichwa chake mwenyewe, ikamfunika uso mpaka kifuani, akapapasa mlango, akaingia, akakaa. "Haya. Anayeona aone."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningemwomba mlangoni angefanya hivyo kwa pumzi moja.

Barabara kuu ilikuwa imeziba. Lori lilikuwa limelala pembeni upande wa kusini na magari yote yalitambaa katika mstari mmoja. Tulikwenda hivyo, yeye chini ya leso yake kama bi harusi mzee, mimi nikishika usukani kwa mikono miwili. Sikuweka gia ya tano hata pale njia ilipofunguka, kwa sababu ya tano iko upande wa goti lake, na injini ikawa inapiga kelele.

"Mbona linalia?" akauliza kutoka ndani ya leso.

"Linataka gia nyingine."

"Si ulipe."

"Iko upande wako, mama."

Akafikiri. Kisha nikamwona akijisogeza, polepole, akiegemea mlango, akikunja magoti yake upande wa nje mpaka akawa amekaa kama mtu aliyebanwa kwenye kona. "Lipe," akasema. Nikalipa. Kelele ikatulia.

Kutoka maegesho hadi mlango wa kliniki palikuwa na barafu tupu. Hakuna namna mtu asiyeona angeipita kwa fimbo peke yake. Nilisimama mbele yake, mikono yangu ikiwa haina kazi. Yeye ndiye aliyepata njia: akaivua leso, akanipa ncha moja, akashika nyingine. Nikamwongoza hivyo, kitambaa kimekazwa kati yetu, watu wakitupisha.

Muuguzi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema anaelewa, theluji imewasumbua wengi. Alisema nafasi ya mama ilikuwa imepita, wakampa mtu aliyekuwa amefika, na chumba cha upasuaji leo kinafungwa mapema kwa sababu madaktari nao wanataka kufika nyumbani. Watatafuta siku nyingine. Nikamuuliza lini. Akatazama skrini yake, akasema itakuwa baada ya majira ya baridi, pengine mwishoni mwa machipuko. Nikamwambia hatukuwa na kosa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akasema, "Bila shaka," akanipa karatasi ya kujifutia uso. Bado nilikuwa na matope mdomoni.

Mama alikuwa amekaa, mikono juu ya mkoba. Alisikia sauti zetu lakini si maana.

"Wanasemaje?"

Nilitafuta neno lenye ganda laini. Hakuna.

"Sema tu," akasema.

"Wamesema tumechelewa. Mpaka machipuko."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Mtoto atakuwa anatambaa," akasema.

Tulirudi kaskazini. Tulipokaribia nyumbani alinyosha kidole mbele, mahali pasipo na kitu.

"Usiliegeshe mbele ya jengo. Liweke nyuma, kule kwenye mapipa ya taka."

Nilidhani ananionea aibu, na niliona ana haki.

Jioni treni zilikuwa zimeanza kutembea. Mke wangu alifika na mtoto, shemeji akafika akiwa bado na sare ya kazi. Nilikaa kwenye benchi la viatu kwenye korido, kikombe cha chai mkononi, kama desturi inavyotaka. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu. Nilisikia kila kitu.

"Mama, ilikuwaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilipoteza kiatu. Nikatafuta, nikatafuta. Halafu nikataka msalani tena. Mnajua uzee."

"Kiatu? Mama! Tumengoja siku zote hizi, wewe unatafuta kiatu?"

"Nilikosea."

"Na teksi ilikungoja wakati wote huo?"

"Ilingoja. Kijana mzuri. Si kosa lake."

Nikamsikia mke wangu akilia, taratibu, namna anavyolia asiamshe mtoto. Na mama alikaa pale katikati yao akikaripiwa kama msichana aliyemwaga maziwa. Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa nyuma, kwenye mapipa.

Mkwe habishani na mama mkwe mbele ya watu. Akisema jua ni jeusi, unatafuta miwani. Nilikuwa na desturi nzima upande wangu, ningeweza kunywa chai yangu mpaka iishe. Niliinywa kidogo, hata. Ilikuwa moto, na tamu, na nilipoimeza nilijichukia kiasi kwamba nikasimama. Nikaingia sebuleni na soksi zangu zilizolowa.

"Hakukuwa na teksi," nikasema.

Shemeji akageuka. Alinitazama usoni, kisha akatazama matope kwenye shingo yangu.

"Ulikuja na lile gari."

"Ndiyo."

"Mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

"Hapana, sema. Nilikwambia nini?"

"Nisije nalo. Gari lilizunguka pale juu kwenye njia panda. Trekta lilitoka kulia. Kulikuwa na leso..." Nikaishia hapo, kwa sababu nilisikia sentensi hiyo ilikokuwa inakwenda: kwa mama.

Mke wangu alinitazama tu, na alikuwa ameacha kulia.

Aliyekasirika alikuwa mama. Alipiga fimbo sakafuni.

"Nilikuvika nguo," akasema, "wewe umeivua mbele ya watu. Nani alikutuma?"

"Mama, nisingeweza..."

"Usingeweza nini? Mimi kukaripiwa na mabinti zangu ni chakula cha kila siku. Nilikupa kitu nilichokuwa nacho, ukakitupa ili ujisikie safi."

Nilisimama katikati ya zulia. Sikuwa na pa kukaa, maana viti vyote vilikuwa karibu naye. Kukaa kimya kulikuwa aibu na kusema kukawa aibu, na sikujua kulikuwa na njia gani ya tatu. Sijaijua bado.

Mama akanyosha mikono. "Nipeni mtoto."

Mke wangu akampa. Akampakata, akampitishia vidole usoni, paji, pua, kidevu, kwa namna mtu anavyopapasa ukuta akitafuta taa. Mtoto akamshika kidole gumba akakitia mdomoni.

"Mkwe. Sogea."

Nikasogea hatua. Shemeji akaangalia chini, maana hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Hawa wamekuwa wananisimulia, lakini wao ni wanawake, wanajiona wenyewe katika mtoto. Wewe niambie. Ana sura gani?"

"Ni mzuri, mama."

"Mzuri ni kila mtoto. Nimeuliza sura. Nyusi zake zikoje?"

Nilikuwa nimembeba mtoto huyo karibu kila siku tangu azaliwe, nimemwogesha, nimetembea naye usiku kwenye korido. Nilijua anavyopumua akitaka kulala. Nyusi zake sikuzijua. Nilijaribu kuzileta akilini, huku mwenyewe akiwa mbele yangu, amenigeuzia kisogo.

"Sijui, mama," nikasema.

Mke wangu akasimama, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akanipa mimi bila kunitazama, akanisukuma chini ya taa.

"Basi mtazame vizuri," mama akasema. "Mimi nangoja tu."